Mshale wa Joto Usiotulia Kwenye Gari la Spoti: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu

Malalamiko yanayonifikia kuhusu geji ya joto yanafanana mno. Mwenye gari amebadilisha sensa, akabadilisha thamostati (vali inayofungulia njia maji ya kupozea injini), fundi akafungua mpaka dashibodi, na mshale bado unafanya yale yale. Kisha anauliza anunue nini sasa.

Usinunue kitu. Kuna maswali mawili ambayo lazima yajibiwe kwa vipimo kabla fedha haijatoka mfukoni. Je, injini ina joto kweli, au geji inadanganya? Na kama inadanganya, uongo unaanzia upande wa sensa au upande wa dashibodi? Wanaokwama karibu wote wameruka swali mojawapo. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa ajili ya maswali hayo, na mpangilio wake una maana, kwa hiyo usianze na hatua ya sita kwa sababu tu ndiyo inayokuvutia.

## Vifaa vya kuandaa

- Mita ya umeme (multimita) inayopima volti za DC na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Yenye kuhifadhi kipimo cha juu na cha chini ni bora zaidi kwa hitilafu inayokuja na kupotea.
- Skana ya OBD (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) yenye kuonyesha takwimu papo hapo, si ile ya kusoma misimbo ya hitilafu pekee. Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001, yana soketi yake.
- Kipimajoto cha infraredi, pamoja na kipande cha utepe mweusi usiong'aa.
- Rezista (vipande vya umeme vyenye ukinzani unaojulikana) za 2,200, 330 na 180 omu. Kwa gari la zamani lenye senda (sensa inayoendesha geji) ya waya mmoja, ongeza za 47 na 100 omu zenye uwezo wa wati 5.
- Kipimajoto cha maji kinachofika 100°C, sufuria ya zamani na jiko.
- Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, brashi ndogo ya waya, msasa laini.
- Kulanti (maji ya kupozea injini) ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari lako, na faneli.
- Mchoro wa nyaya wa gari lako. Huu usiukose. Bila mchoro utakuwa unabahatisha rangi za waya.

## Kabla ya kufungua boneti

Usifungue kifuniko cha rejeta au cha tanki la kulanti injini ikiwa na moto. Mfumo una mgandamizo wa takriban bar 1, na maji yaliyomo yanaweza kuwa na zaidi ya 100°C bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unaondoka, maji yanachemka hapo hapo na kukurukia usoni.

Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Weka mikono, nywele na mikono ya shati mbali nayo.

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Usiache beseni lake wazi mahali penye watoto au wanyama.

Na ikiwa mvuke unatoka, injini inagonga, au taa nyekundu ya joto imewaka, zima gari. Vipimo vitasubiri.

## Hatua ya 1: Andika mshale unafanya nini hasa

"Inasumbua" haimsaidii fundi wala wewe. Andika mshale umefika wapi, umetumia muda gani kufika hapo, na wakati huo ulikuwa unafanya nini: kwenye foleni, kasi kubwa, taa zimewashwa, baada ya kuzima na kuwasha tena.

Kinachofaa kuangaliwa kwanza ni kasi ya mshale. Lita kadhaa za maji zilizozungukwa na chuma haziwezi kupoa kutoka 90°C hadi 40°C kwa sekunde moja. Mshale au skana ikiruka hivyo, hilo ni tatizo la umeme, au sensa iliyobaki kwenye hewa badala ya maji. Mshale unaopanda au kushuka kwa dakika kadhaa mara nyingi unasema ukweli, na tatizo lipo kwenye mfumo wa kupoza.

Tabia nyingine zina maana hii:

- Umelala chini kabisa siku zote: waya umekatika, plagi imelegea, au sensa imekufa ndani. Sensa nyingi ni za aina ambayo ukinzani wake hupungua joto likipanda, hivyo waya uliokatika huonekana kama baridi kali.
- Unaruka juu kabisa mara tu unapowasha swichi, injini ikiwa baridi: waya wa sensa umechubuka na kugusa bodi, au sensa imeungana ndani.
- Unasogea ukiwasha taa, feni au kipasha joto cha kioo: ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Hatua ya 8 inakuhusu sana.
- Geji ya mafuta nayo inakosea kwa wakati huo huo: tatizo liko mahali geji hizo mbili zinapokutana, yaani umeme au ethi ya dashibodi.
- Unashuka ukiendesha kwa kasi na kupanda kwenye foleni, bila kuzidi katikati: thamostati imebaki wazi.
- Unapanda kwenye foleni hadi sehemu ya hatari, ukishika kasi unashuka: feni haifanyi kazi, au rejeta imeziba.

Yapo pia mambo mawili ambayo watu huyaita hitilafu nayo si hitilafu. La kwanza, ukizima injini yenye moto kisha ukaiwasha baada ya dakika chache, mshale unaweza kuonyesha joto zaidi kwa muda mfupi. Pampu ya maji ilisimama, na chuma kikaendelea kuyapasha maji yaliyotulia. Kwenye injini yenye tabo (turbo) jambo hili huonekana wazi zaidi.

La pili, geji za magari mengi ya kisasa zimetengenezwa ili mshale ukae katikati kwa eneo pana, kwa mfano takriban 75°C hadi 110°C, ili dereva asihangaike. Geji ya namna hiyo ikianza kuondoka katikati kwenda juu, joto limeshapanda sana. Mwenye gari la spoti anayeendesha kwa nguvu asiitegemee peke yake.

Umefaulu ikiwa unaweza kueleza kwa sentensi moja ni lini tatizo linatokea, na fundi ambaye hajaliona gari akaelewa.

## Hatua ya 2: Tafuta mashahidi wawili zaidi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi. Geji ni shahidi mmoja. Skana ni wa pili, kwa sababu inaonyesha kile ambacho kompyuta ya injini inaamini. Kipimajoto cha infraredi ni wa tatu, na hakijali waya wala kompyuta.

Bandika utepe mweusi kwenye nyumba ya thamostati, karibu na sensa iwezekanavyo. Utepe una kazi: alumini inayong'aa humdanganya huyu shahidi wa tatu, akaonyesha joto la chini sana kuliko lililopo. Piga kipimo kwenye utepe, ukiwa karibu, kifaa kikitazama moja kwa moja.

Washa injini ikiwa baridi kabisa. Kabla haijaanza kupata moto, skana inapaswa kuonyesha joto la maji linalokaribiana na joto la hewa inayoingia kwenye injini. Gari lililolala usiku kucha likionyesha maji 20°C na hewa 21°C, sawa. Likionyesha maji -40°C, kompyuta inaona waya uliokatika. Likionyesha 130°C au zaidi kwenye injini baridi, inaona waya ulioungana na ethi.

Acha injini ipate moto na uandike namba zote tatu kila baada ya dakika mbili. Thamostati nyingi hufunguka kati ya 82°C na 92°C, na hapo utaona hali ikitulia kidogo. Kipimo cha utepe kikiwa chini ya skana kwa nyuzi 5 hadi 10, usishtuke, maana sehemu ya nje ya chuma ni baridi kuliko maji ya ndani.

Sasa soma mashahidi wako:

Wote watatu wanasema moto kupita kiasi. Geji ni nzima na injini iko hatarini. Acha umeme, angalia kulanti, feni, thamostati, pampu na rejeta. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa moto sana na wa chini baridi baada ya injini kufikia joto, thamostati haifunguki au maji hayazunguki. Kulanti ikipungua bila kuvuja popote na mipira ikiwa migumu mapema mno baada ya kuwasha, pima gesi ya moshi ndani ya kulanti. Dawa yake hubadilika kutoka bluu kuwa njano pale gasketi ya silinda hedi inapovuja.

Skana na utepe vinakubaliana, geji inapinga. Hitilafu iko kati ya kompyuta na dashibodi, au kwenye senda ya geji kama gari lako lina senda yake peke yake.

Utepe unapingana na skana na geji. Sensa, plagi yake, waya wake au ethi yake. Au hewa iliyonaswa kwenye maji, ambayo ni kazi ya hatua ya 3.

Wote watatu wanasema baridi, na gari lina msimbo P0128. Thamostati imebaki wazi. Kubadilisha sensa hapa ni kupoteza fedha.

Ukisoma misimbo mingine, maana yake ni hii: P0117 ni ishara ya chini, kwa kawaida waya kugusa ethi, P0118 ni ishara ya juu, kwa kawaida waya uliokatika, P0119 ni ishara inayokatika-katika, P0116 ni kipimo kisichoendana na hali ya injini. Hakuna hata mmoja unaosema "badilisha sensa". Misimbo hii inataja mzunguko mzima.

Umefaulu ikiwa una karatasi yenye namba za mashahidi watatu na unajua yupi anatofautiana na wenzake.

## Hatua ya 3: Ondoa hewa kabla ya kugusa umeme

Sensa ya maji ikizungukwa na hewa au mvuke hutoa kipimo kinachoyumba, na hakuna mita itakayokueleza hivyo. Magari ya spoti yenye injini katikati yanasumbua zaidi kuliko mengine. Toyota MR2, Porsche Boxster na Lotus Elise zina rejeta mbele na injini nyuma ya viti, na maji husafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Hewa hupata mahali pengi pa kujificha.

Injini ikiwa baridi, jaza kulanti hadi alama. Fungua skrubu zote za kutolea hewa zinazotajwa kwenye kitabu, na uzifunge moja baada ya nyingine pale tu maji yanapotoka bila mapovu. Weka kipasha joto cha ndani kwenye moto wa juu kabisa, ili maji yapite kwenye rejeta ndogo ya ndani kama gari lako lina vali hapo. Endesha injini bila kuikanyaga sana hadi feni iwake na kuzima. Iache ipoe kabisa, kisha ongeza kulanti.

Kwa magari yenye mabomba marefu, kifaa cha kujaza kwa kuvuta hewa yote kwanza kina thamani kubwa. Ukiwa na njia ya kukipata, kitumie.

Umefaulu ikiwa kipasha joto cha ndani kinatoa hewa ya moto bila kukatika, na kiwango cha kulanti hakishuki baada ya injini kupoa mara ya pili.

Mshale ukitulia hapa, umemaliza kazi.

## Hatua ya 4: Jua gari lako lina mzunguko wa aina gani

Watu wengi hupima sensa isiyo na uhusiano wowote na geji. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, kwa mfano, ina senda ya waya mmoja kwa ajili ya geji na sensa ya nyaya mbili kwa ajili ya kompyuta. Unaweza kubadilisha ya nyaya mbili mara kumi na mshale usijue kama kuna kilichotokea.

Aina kuu ni hizi:

Mrija wa kimiminika. Magari ya zamani sana, MGB za mwanzo zikiwemo, yana mrija mwembamba wa chuma uliojazwa kimiminika kutoka injini hadi geji. Hakuna umeme. Mrija ukipinda vibaya au kukatika, geji imekufa na inahitaji mtaalamu wa geji. Mwongozo huu unaishia hapo kwako.

Senda ya waya mmoja. Umeme unatoka kwenye geji, unapita kwenye senda, na kurudi kupitia chuma cha injini. Chuma hicho ni sehemu ya mzunguko, jambo ambalo husahaulika.

Sensa ya nyaya mbili kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta hutoa volti 5 kupitia rezista ya ndani, husoma zinazobaki, kisha huituma taarifa kwenye dashibodi.

Kama gari limebadilishiwa injini au limefungwa geji ya ziada, jiulize jambo moja zaidi: je, senda na geji ni jozi? VDO, kwa mfano, hutengeneza senda za geji za 120°C na za 150°C, na haziingiliani. Nyingine zina pini mbili, G ya geji na WK ya taa ya onyo. Ukiunganisha waya wa geji kwenye WK, mshale hautakupa kipimo chochote cha maana.

Umefaulu ikiwa umeigusa kwa kidole sensa inayoendesha mshale wako, na mchoro unakubaliana nawe.

## Hatua ya 5: Plagi na waya

Zima swichi. Chomoa plagi ya sensa kwa kubonyeza kibano chake, usivute waya. Tazama pini kwa taa kali. Kijani au unga mweupe ni kutu. Unyevu wa rangi ya kulanti ndani ya plagi unaonyesha sensa inavuja kupitia mwili wake, na hiyo lazima ibadilishwe hata kama inapima vizuri leo.

Fuata waya kwa vidole kadiri unavyofikika. Chumba cha injini cha gari la spoti kimebana, na waya mara nyingi hupita karibu na manifoldi ya moshi au tabo. Ganda la waya lililokauka hupasuka ukilipinda. Angalia pia mahali waya unapopita kwenye kona ya chuma, na mahali ambapo mtu aliwahi kuunga kwa kusokota na kufunga utepe.

Safisha pini kwa dawa, bana kidogo zile zilizolegea, kisha rudisha plagi hadi isikike ikifunga.

## Hatua ya 6: Kata mzunguko katikati kwa rezista

Kipimo hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Unaiondoa sensa na kuweka mahali pake kitu ambacho thamani yake unaijua kwa uhakika. Kompyuta au geji ikijibu sawasawa, upande wote wa nyuma yake ni mzima na mshukiwa ni sensa. Ikijibu vibaya, sensa haina kosa.

### Sensa ya nyaya mbili

Injini imezimwa na imepoa, plagi imechomolewa, swichi imewashwa. Kwanza pima volti kati ya pini mbili za plagi ya upande wa waya. Utarajie karibu 5.

Ukipata 0, pima tena kati ya kila pini na hasi ya betri. Pini moja ikitoa volti 5 kwenye hasi ya betri lakini pini mbili hazitoi kitu kati yao, waya wa ethi ya sensa umekatika. Ethi hiyo mara nyingi hutumiwa na sensa nyingine pia, kwa hiyo utakuta na malalamiko mengine kwenye skana. Ukipata volti 12, waya umegusana na waya wa umeme mahali fulani. Usiendelee mpaka ulipate eneo hilo.

Kisha ingiza miguu ya rezista kwenye plagi kwa upole, usizitanue pini. Kwa sensa zinazofuata mkondo wa Bosch (uhusiano wa ukinzani na joto), ambazo ni nyingi, skana itaonyesha:

- 2,200 omu: karibu 23°C
- 330 omu: karibu 80°C
- 180 omu: karibu 100°C

Gari lako likiwa na jedwali lake kwenye kitabu, tumia hilo. Feni ikiwaka wakati wa kipimo hiki usiogope, kompyuta imeamini uliyoiambia. Futa misimbo ukimaliza.

Wengi huishia kuunganisha pini mbili kwa kipande cha waya, wakaona namba imeruka juu, wakahitimisha kuwa waya ni mzima. Hilo halitoshi. Chukua kutu kwenye plagi inayoongeza omu 80. Injini ikiwa na 20°C, sensa ina omu 2,500, na hizo 80 hazifiki hata tofauti ya nyuzi moja. Injini ikiwa na 90°C, sensa ina takriban omu 245. Ongeza 80, jumla 325, na kompyuta inasoma 80°C. Hitilafu hii huonekana pale tu injini ina moto, na kipande cha waya hakiwezi kuifichua kamwe. Rezista ya 330 na ya 180 zinaifichua mara moja.

### Senda ya waya mmoja

Chomoa waya, washa swichi. Mshale ushuke kwenye baridi kabisa. Usiposhuka, waya umegusa bodi mahali fulani kati ya senda na geji.

Unganisha waya huo kwenye chuma safi cha injini kupitia rezista ya 100 omu, kisha ya 47. Mshale upande, na kwa 47 upande zaidi. Unaweza kugusisha waya moja kwa moja kwenye chuma kwa sekunde moja tu ili kuona mshale ukielekea juu kabisa, lakini usiushikilie hapo, unaweza kuunguza geji.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema bila kusita kwamba hitilafu iko upande wa sensa, au upande wa waya na dashibodi. Upande wa sensa, nenda hatua ya 7. Upande mwingine, ruka hadi ya 8.

## Hatua ya 7: Chemsha sensa

Injini ikiwa baridi, toa sensa na uzibe tundu kwa kidole au kizibo. Ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji, ncha pekee ikizama, bila kugusa chuma cha sufuria. Weka kipimajoto kando ya ncha hiyo.

Pima omu kila baada ya nyuzi 10 maji yakipata moto. Kwa senda ya waya mmoja, pima kati ya pini na mwili wake. Kwa sensa ya mkondo wa Bosch utarajie takriban 2,500 kwenye 20°C, 1,175 kwenye 40°C, 596 kwenye 60°C, 323 kwenye 80°C na 187 kwenye 100°C. Ukiwa sehemu ya mwinuko, maji yatachemka chini ya 100°C, hivyo amini kipimajoto na si mapovu.

Namba zishuke bila kuruka. Igonge sensa taratibu kwa mpini wa bisibisi wakati unapima. Namba ikiruka, ndani pamepasuka.

Unaporudisha senda ya waya mmoja, usiizungushie utepe wa teflon kwenye nyuzi. Utepe huo unaweza kuitenga na chuma cha injini, na chuma ndicho njia yake ya kurudi. Tumia washa mpya ya shaba kama ilikuja nayo. Kaza kwa nguvu inayotajwa kwenye kitabu, kwa sababu hedi ya alumini huharibika nyuzi upesi.

## Hatua ya 8: Ethi, mahali kazi nyingi zinapokwamia

Injini imekaa juu ya mpira. Umeme wake wote unarudi betri kupitia mkanda mmoja au miwili wa ethi, na katika magari ya spoti ambayo betri imewekwa kwenye buti, kama MX-5 za mwanzo, safari hiyo inapita pia kwenye bodi nzima. Mkanda ukilegea au kuota kutu, umeme wa feni, taa na plagi za moto hung'ang'ania njia yoyote iliyobaki, na kipimo cha sensa kinachafuka.

Usipime ethi kwa omu. Mkanda uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha karibu omu sifuri kwenye mita, kwa sababu mita hupitisha umeme mdogo sana. Ukipewa mzigo, uzi huo hushindwa. Pima volti zinazopotea, mzigo ukiwepo.

Washa injini, taa kubwa, feni ya ndani na kipasha joto cha kioo. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu kwenye chuma safi cha injini, karibu na sensa. Ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani nguzo yenyewe wala si klipu yake. Utarajie 0.1 au pungufu. Ukiona zaidi ya 0.2, sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua kuelekea betri: bodi karibu na mkanda, bolti ya mkanda, klipu ya betri. Mahali ambapo namba inaanguka ghafla, umelipita tatizo.

Rudia kwa pini ya ethi ya sensa, plagi ikiwa imechomekwa, ukigusa kwa sindano nyembamba kutoka nyuma ya plagi. Rudia pia kwa ethi ya dashibodi.

Fungua bolti husika, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga tena, kisha paka grisi kwa nje. Kuongeza mkanda mpya kati ya injini na bodi ni kazi ndogo, nami nashauri ifanywe kwenye gari lolote la spoti lenye umri mkubwa.

Pima pia chaji ya alteneta ukiwa hapo. Kwa magari mengi, 13.5 hadi 14.7 injini ikiwa inaunguruma.

Umefaulu ikiwa unaweza kuwasha na kuzima kila taa na kila feni na mshale usitingishike.

## Hatua ya 9: Dashibodi, ikibidi

Fika hapa pale tu rezista imeonyesha hitilafu, waya umepimwa mzima, na ethi ni safi.

Kwenye magari ya Kiingereza ya zamani, kama Triumph Spitfire na TR6, geji za joto na mafuta hulishwa na kifaa kidogo kinachopunguza umeme hadi wastani wa volti 10. Kikipoteza ethi au kikikwama, geji zote mbili husoma juu. Kile cha asili hutoa umeme kwa midundo, kwa hiyo mita ya kidijitali itarukaruka bila kutulia na hilo si kasoro. Cha kisasa cha elektroniki hutoa volti 10 zilizotulia.

Kwa dashibodi za kizazi kilichofuata, kaza nati ndogo zilizo nyuma ya geji na ukague karatasi ya shaba inayobeba njia za umeme kama imeungua au kupasuka. Toa hasi ya betri kwanza.

Kwa dashibodi za kidijitali, tafuta kwenye kitabu jinsi ya kuamuru majaribio ya ndani, ambapo mishale yote hupanda hadi mwisho na kurudi. Mshale wa joto ukikwama au ukisitasita huku mingine ikienda vizuri, mota yake ndogo au viungo vyake vya kulehemu vimechoka. Ukipita vizuri, ilhali skana ni sahihi na geji si sahihi, tatizo ni mawasiliano kati ya kompyuta na dashibodi, na hapo mpe kazi fundi umeme mwenye skana ya kampuni ya gari.

## Hatua ya 10: Hitilafu inayojificha

Zipo zinazotokea barabarani pekee. Weka skana irekodi mchoro wa joto, au mita ihifadhi kipimo cha juu na cha chini kwenye waya wa sensa. Gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma, tikisa waya sehemu moja baada ya nyingine kuanzia kwenye plagi, mwenzako akitazama mchoro. Kisha pasha plagi kwa hewa ya moto ya kiasi. Miruko ikitokea, umeshika mahali.

Tahadhari moja: baadhi ya kompyuta, zikiwemo za magari kadhaa ya GM na Chrysler, hubadilisha rezista yake ya ndani injini inapopata moto. Volti kwenye waya huruka mara moja, lakini joto kwenye skana halisogei. Huo ni utendaji wa kawaida. Tazama joto kwanza, volti baadaye.

## Hatua ya 11: Thibitisha

Futa misimbo. Acha gari lilale usiku. Asubuhi linganisha joto la maji na la hewa kwenye skana kabla ya kuwasha, yakaribiane. Endesha hadi injini ipate moto, kaa kwenye foleni mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, endesha kwa kasi inayoruhusiwa kwa dakika 20, kisha zima kwa dakika 5 na uwashe tena. Katika safari hiyo yote washa na uzime taa na kipasha joto cha kioo.

Linganisha namba na ile karatasi ya hatua ya 2. Mashahidi watatu wakikubaliana, na wakaendelea kukubaliana kwenye safari ya pili siku nyingine, funga boneti na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na kitabu cha gari. Wakianza tena kutofautiana, rudi kwenye hatua ya 2, maana huenda gari lina hitilafu mbili, na uliyoondoa ilikuwa inaficha ya pili.